Naibu Mratibu wa Uchungu

Ilitangazwa Jumatatu asubuhi, redioni, magazetini, na kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la kunyonya maji machafu (ndilo pekee lililokuwa na mafuta siku ile), kwamba wananchi wote, wake kwa waume, wenye meno na wasio nayo, wajue kuwa chokoleti nyeusi imepandishwa cheo. Si kitafunwa tena. Kuanzia siku hiyo ni Nguzo Kuu ya Lishe ya Taifa, na iheshimiwe hivyo.

Najivunia kusema kwamba tangazo hilo niliandika mimi, na kwamba nilipandishwa cheo pamoja nalo. Nilikuwa ofisa lishe wa kawaida, mtu wa kwenda shuleni kuwaambia watoto wanawe mikono. Nikawa Naibu Mratibu wa Uchungu katika Kitengo cha Chokoleti Nyeusi na Ustawi wa Moyo. Mratibu mwenyewe hakuteuliwa. Kiti chake kiliachwa wazi ili naibu awe na mtu wa kumwogopa.

Mambo yalianza na semina. Mkurugenzi wetu wa Lishe, mtu mrefu ambaye kitambi chake huingia ofisini kwanza kisha yeye hufuata, alialikwa ng'ambo kusikiliza wataalamu. Mmoja wao, kama nilivyokuja kusoma kwenye makabrasha, alisema kwamba kipande kidogo cha chokoleti nyeusi kinaweza kuwa na nafasi yake kwa mtu ambaye tayari anakula vizuri mboga, matunda, kunde na nafaka. Kwamba ndani ya kakao mna viini ambavyo uchunguzi bado unaendelea kuhusu faida zake kwa mishipa ya damu. Lakini tusisahau kuwa humo humo mna sukari na mafuta. Ilikuwa sentensi ndefu. Mkurugenzi aliingia ukumbini ikiwa katikati, akitoka chai, akatoka ilipofika "lakini", akirudi chai.

"Vijana," alituambia aliporudi, bado ana kitambulisho cha semina shingoni, "moyo wa taifa unaumwa, na dawa yake ni tamu."

"Mkuu," nikasema, "chokoleti nyeusi ni chungu."

Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Basi wewe," akasema, "utashughulikia huo uchungu."

Ndivyo watu wanavyopata vyeo, na wanaosema vyeo hutolewa kwa kujuana hawajui wanachosema.

Rasimu yangu ya kwanza ya waraka ilisema wananchi wale chokoleti nyeusi "kwa kadiri". Mkurugenzi akaichukua kalamu nyekundu.

"Kadiri ndiyo nini?"

"Ni kiasi, mkuu. Kidogo tu."

"Sera haiwi kidogo tu. Umewahi kuona barabara ya kidogo tu? Hospitali ya kidogo tu?"

Nilikuwa nimeziona nyingi, lakini nikaona si mahali pake. Akalikata lile neno, na kwa kuwa kalamu ilikuwa imeshapata moto, akakata pia "mboga", "matunda" na "baada ya mlo". Waraka ukabaki mfupi, wenye nguvu, usio na makona. Ulisema: KULA CHOKOLETI NYEUSI.

Kazi ikaanza. Jukumu langu lilikuwa kupima uchungu, na kwa kuwa kifaa cha kupimia hakikuwa kwenye bajeti, tulitumia nyuso. Mhazili, dereva na karani wa masjala waliketishwa kwenye benchi, wakalishwa kipande kimoja kimoja, nami nikasimama mbele yao nikiangalia. Tukaunda Kipimo cha Mkunjo. Daraja la kwanza ni nyusi kupanda. La pili, jicho moja kufunga. La tatu, ulimi kutoka nje bila ruhusa ya mwenyewe. Daraja la juu kabisa tuliliita "Mama Yangu Wee", kwa sababu hicho ndicho alichosema dereva, na kitaalamu hakukuwa na namna bora ya kulieleza.

Baadaye kikaongezwa kifungu cha tabasamu. Kila mtumishi angekula kipande chake saa nne asubuhi akiwa amesimama, huku akitabasamu, maana Mkurugenzi alisema uchungu usio na tabasamu unakaribia uchochezi.

Kantini nayo haikuachwa nyuma. Niliteremka mwenyewe na agizo mkononi kumwona mpishi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika nje ya geti, ambaye idara nzima humwita Mama Sufuria.

"Kuanzia leo," nikamsomea, "eneo la mboga kwenye sahani linakabidhiwa kwa chokoleti."

"Linakabidhiwa vipi?"

"Mboga zinaondoka. Chokoleti inakaa pale."

Akaifuta mikono yake kwenye kanga polepole. "Baba yangu, wali ni wa moto. Nikiiweka pembeni inayeyuka, inaingia kwenye maharage."

"Waraka hauzungumzii maharage."

"Wewe huyazungumzii. Mimi ndiye nitakayesemwa mtu akiyaonja."

Aliyaonja karani wa masjala, na alimsema. Lakini ripoti yangu ya wiki ilikuwa na mazuri mengi. Kwa mfano, kakao huchangamsha kama kahawa, na kwa kuwa watu walikuwa wanaila asubuhi, mchana na kwenye chai ya jioni, kwa mara ya kwanza tangu jengo letu lifunguliwe hakuna mtumishi aliyesinzia baada ya chakula. Wote walikaa macho makavu hadi saa ya kutoka. Ndipo wengi wao walipogundua kwamba hawakuwa na kazi. Palizuka malalamiko kidogo, yakadhibitiwa.

Nyumbani kwangu ninaishi na mama watoto, binti zetu wawili, na baba yangu mzazi. Baba ni fundi cherehani mstaafu. Alishona sare za nusu ya mji huu, na hadi leo akimwona mtu barabarani anamtazama kwanza mshono wa begani kisha uso. Ni mkaidi wa kuzaliwa. Kliniki ya mtaani ilikuwa imemwambia sukari yake inapanda na presha inaifuata, kwa hiyo ale mboga, apunguze vitamu, atembee jioni. Alikubali kwa shingo upande. Kila jioni alizunguka mtaa akiwa amenuna, na kila mchana alikula mboga zake za majani huku akizitazama kama mtu anayelipa faini.

Aliposikia tangazo redioni, alizima redio ili asisikie lingine la kulitengua.

"Umeliandika wewe?" akaniuliza niliporudi kazini.

"Ndiyo, baba."

"Mungu akuzidishie." Akanishika bega, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu nioe. "Nilijua ile shule itakuja kutusaidia."

Kuanzia hapo mboga zilirudi jikoni kama zilivyokwenda mezani. Mama watoto alijaribu kumbembeleza kwa adabu ya mkwe.

"Baba, jamani, hata vijiko viwili tu."

"Mwanangu, mimi siwezi kushindana na Serikali. Waulize wao."

Tatizo ni kwamba hakuipenda ile nyeusi. Aliijaribu mara moja, akafika daraja la tatu la Kipimo cha Mkunjo, akaitema dirishani. Baada ya hapo akawa ananunua nyingine dukani, zile laini zenye maziwa, anazificha chini ya godoro na ndani ya viatu vyake vya Jumapili. Siku moja binti yangu mdogo akazikuta.

"Babu, hii siyo nyeusi. Hii ya kahawia."

"Zima taa uone kama siyo nyeusi."

Mama watoto alinisubiri chumbani. Kwa kawaida huniita baba watoto. Siku ile aliniita kwa cheo.

"Naibu Mratibu."

"Naam."

"Baba yako anakula sukari kuanzia alfajiri. Anasema amepata ruhusa kwako. Suruali zake zote amezitoa upindo wa kiuno na bado hazifungi. Nenda kamwambie ukweli."

Nilimweleza kwamba ofisa wa ngazi yangu hawezi kutoa tamko linalopingana na waraka uliotiwa saini, hata kama yuko sebuleni kwake. Akatoka, akanunua kufuli, akalifunga kabati la vitamu, na ufunguo akauvaa shingoni.

Kabati lilifungwa Jumanne, lakini viatu vya Jumapili havikukaguliwa. Jumatano asubuhi, wakati nafunga tai yangu, tulisikia kishindo bafuni. Tulimkuta baba ameanguka karibu na ndoo, amelowa jasho, midomo imekauka, ananiita kwa jina la kaka yangu aliyefariki. Sitaeleza nilivyojisikia, kwa sababu hilo halihusiani na shughuli za Kitengo. Nitasema tu kwamba nilimbeba mgongoni hadi barabarani bila viatu, na kwamba sikuwahi kujua baba yangu ni mzito kiasi kile, wala kwamba naweza kulia huku nakimbia.

Daktari wa kliniki alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na usingizi machoni. Alimpima, akamwekea dripu, akamkemea muuguzi, akampa baba dawa, kisha akanigeukia.

"Sukari imepanda sana. Bahati mmemuwahi. Nani amemwambia aache mboga ale vitu hivi?"

Baba akafungua jicho moja. "Huyu," akasema. "Mwanangu. Ana barua ya Serikali."

Daktari alitazama ukuta wa nyuma yangu. Nikageuka. Waraka wangu ulikuwa umebandikwa pale, umepigwa muhuri, na pembeni mtu alikuwa amechora moyo unaocheka.

"Siruhusiwi kuubandua," akasema daktari. "Ninachoruhusiwa ni kuwatibu wanaousoma."

Ilipofika mchana baba alikuwa ameketi kitandani akilalamikia mshono wa shuka. Nilimwacha na mama watoto, nikaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Nilimkuta na kamati nzima wakiandaa Uzinduzi wa Kitaifa, ambao ulikuwa kesho yake, na mgeni rasmi angekuwa Waziri mwenyewe.

"Mkuu," nikasema, "naomba turudishe neno moja kwenye waraka."

"Neno lipi?"

"Kadiri. Baba yangu yuko kliniki."

Kamati ikasikitika kwa pamoja, kama inavyotakiwa na kanuni. Mkurugenzi akaweka mkono kifuani.

"Pole sana. Pole mno. Lakini hebu fikiria, kijana. Leo turudishe kadiri kwa ajili ya baba yako. Kesho mwingine atakuja na mama yake, atataka mboga. Tutamaliza lini?"

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa dereva, anahema.

"Samahani, wakubwa. Mke wa mhasibu ameshikwa na uchungu!"

"Wa daraja gani?" akauliza Mkurugenzi.

Dereva akatazama huku na huku, akaona watu wazima wote wameshika kalamu wakisubiri. "Mkuu, mimi nilimwacha analia tu."

"Andika," Mkurugenzi akamwambia katibu. "Daraja la juu kabisa."

Mhasibu, naye mjumbe wa kamati, alikuwa ameshatoka mbio, kiti chake kimeanguka. Hapo pakatokea tatizo la kiutendaji, kwa sababu mhasibu ndiye aliyepangiwa kuuliza Swali la Hiari kutoka kwa Mwananchi. Alikuwa amelikariri vizuri. Linasema: "Je, tuishukuruje Serikali?" Kamati iliazimia kwamba atapatikana mwingine, na kwa kuwa kila mjumbe alijua mwenzake atalishughulikia, hakuna aliyelishughulikia.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mapazia yalifuliwa. Viti vya plastiki vilivishwa vitambaa vyeupe. Mbele, juu ya meza, chini ya kioo, lilikaa Tofali la Taifa, kazi ya Kitengo changu: bonge la kakao tupu, bila chembe ya sukari, kubwa kama tofali la kujengea na lenye rangi kama ya tairi. Lilikusudiwa kutazamwa tu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beji kifuani nilipomwona mama watoto anaingia amemshika baba mkono. Baba alikuwa amevaa suti aliyoshona mwenyewe miaka ya nguvu zake, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, na plasta bado iko kwenye mkono.

"Umemleta kwa nini?" nikanong'ona.

"Kliniki wamemruhusu asubuhi. Kasema anataka kumwona mwenye dawa. Ningemwacha nyumbani angekula hata kalenda."

"Baba, tafadhali kaa nyuma."

"Nitakaa panapoonekana mshono wa Waziri," akasema, akaenda kukaa mstari wa pili.

Waziri aliwasili kwa shangwe. Ni mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili, anayependa makofi kama wengine wanavyopenda chumvi. Nyuma yake msaidizi alibeba hotuba kwenye faili nene, anaipandisha ngazi kwa kupumzika. Watu walipoliona lile faili, ukumbi mzima uliguna, kisha ukajifanya umekohoa.

Mkurugenzi akafungua. Akasema moyo wa taifa. Akasema mishipa ya damu. Akasema maono. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Na sasa, kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, Swali la Hiari kutoka kwa Mwananchi!"

Kipaza sauti kikapitishwa mstari wa kwanza, kila mtu akakikwepa kana kwamba kina joto. Kikafika mstari wa pili. Baba akasimama, akakichukua kwa mikono miwili.

"Kama humu yupo anayenizidi umri, shikamoo yake. Wengine, hamjambo."

"Hatujambo!" wakajibu wengi, na wachache wakasema marahaba kwa kuchanganyikiwa.

"Mimi ni fundi cherehani. Nilisikia waraka, nikautii. Nikaacha mboga, nikashika chokoleti asubuhi, mchana na jioni. Nikaangukia bafuni. Nimeamka kliniki na mpira mkononi." Akauinua mkono wenye plasta. "Sikuja kulaumu mtu. Mteja akirudi na suruali inayombana, fundi mwenye akili hagombani naye, anauliza vipimo. Na mimi naomba vipimo. Ninyi wakubwa wetu mnaila kiasi gani, mnaila vipi, mbona ninyi wazima?"

Mimi nilitazama beji yangu. Waziri akamgeukia Mkurugenzi na tabasamu la kamera.

"Swali zuri sana. Mjibu mzee."

Mkurugenzi hakutishika hata kidogo. Alitia mkono ndani ya koti, akatoa chokoleti iliyofungwa kwenye karatasi nyeusi ya Kitengo, akaimenya, akamega kipande kikubwa, akala huku anatabasamu. Hakukunja hata kope. Makofi yakalipuka. Mimi mwenyewe, mtaalamu wa nyuso, nilishangaa. Sikuwahi kuona uso mtulivu namna ile mbele ya kakao.

"Mnaona?" akasema. "Ni mazoea tu."

"Basi nimegee na mimi kidogo, mkurugenzi," baba akasema, tayari anapanda jukwaani, "nijue pale nilipokosea."

Mbele ya kamera zote zile, mtu hawezi kumnyima mgonjwa dawa. Mkurugenzi akamega kipunje. Baba akakiweka mdomoni, akakizungusha, na uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Ina maziwa!" akasema kwenye kipaza sauti. Akatafuna tena. "Na karanga! Mkwe wangu, ni ile ile uliyonifungia kabatini!"

Kicheko kilianzia kwa Mama Sufuria, mlango wa nyuma, kikaja hadi mbele kikiangusha watu njiani. Waziri akanyoosha mkono, akachukua kipande naye, akaonja.

"Mbona tamu?" akasema. "Sasa tatizo liko wapi?"

Akatafuta mtaalamu wa kumjibu. Mkurugenzi alikuwa anatazama dari. Nikaona jukumu limeniangukia.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo, "kitaalamu hii haihesabiki kuwa nyeusi. Nyeusi kabisa ni ile pale mezani."

Waziri akaligeukia Tofali la Taifa. Nadhani hadi siku ile aliamini kwamba chokoleti zote ni dada wa baba mmoja mama mmoja. Akasimama wima, akapanua kifua.

"Mkurugenzi! Uongozi ni kutangulia. Kiongozi haelekezi njia asiyoipita. Leo hii, mbele ya mzee huyu, utakula ile halali!"

Makofi makubwa. Baba akayasubiri yatulie.

"Ahsante sana, mheshimiwa," akasema kwa unyenyekevu wa kweli kabisa. Namjua baba yangu, hakuwa na hila hata kidogo. "Basi anza wewe. Humu ndani hakuna aliyetangulia kuliko wewe."

Makofi yaliyofuata sijawahi kuyasikia. Watu walisimama juu ya viti. Karani wa masjala alipiga mluzi. Na Waziri, ambaye maishani mwake hajawahi kuyaacha makofi yapite bure, akakiondoa kioo mwenyewe, akaomba kisu. Mama Sufuria alikuwa nacho tayari.

"Nikukatie cha cheo gani, mheshimiwa?" akauliza. "Cha Waziri, au cha mtu wa kawaida?"

"Cha Waziri!" ukumbi ukajibu kwa niaba yake.

Akakata cha Waziri. Akakata na cha Mkurugenzi, kidogo tu chini yake, kwa kuheshimu itifaki. Wakavitia mdomoni kwa pamoja, kamera zikiwaka.

Kakao tupu haivunjiki kama biskuti. Hukauka, hugandamana, hushika meno ya juu na ya chini kama saruji. Nilitoa kalamu kwa mazoea. Waziri alipita daraja la kwanza, la pili na la tatu bila kusimama. Alipofika la juu kabisa hakuweza kulitamka, kwa kuwa taya hazikuachana, lakini midomo ilisomeka vizuri: mama yangu wee. Machozi mawili makubwa yakateremka. Mkurugenzi kando yake alikuwa amefumba macho, ameshika meza kwa mikono yote, anatafuna kama mtu anayeomba msamaha kwa mbali. Kutema hawakuweza, watu wanatazama. Kumeza hawakuweza, bonge linakataa. Walibaki wakitafuna.

Mshereheshaji, ambaye ni mtu wa kazi, akachukua kipaza sauti.

"Mheshimiwa Waziri ameguswa mno na afya za wananchi. Hawezi kuongea."

Msaidizi akainua lile faili la hotuba, akamwonesha. Waziri akatikisa kichwa. Faili likarudishwa garini kama lilivyokuja. Nimehudhuria hafla nyingi za Serikali, lakini sijawahi kuona wananchi wakiifurahia hotuba kama walivyoifurahia ile. Walitoka kabla ya saa sita, wakamkuta Mama Sufuria ameshapakua wali, maharage na mboga za majani za kujaza sahani, kwa sababu, alisema, siku ya sherehe waraka nao unapumzika.

Baada ya muda niliitwa kwa Waziri, kwenye chumba cha maliwato cha wageni. Alikuwa ameinama kwenye sinki, anasukutua kwa mara ambazo sikuzihesabu. Meno yake yalikuwa kama ya mtu aliyekunywa wino.

"Wewe ndiye uliyeandika lile jambo?"

"Niliandika, mheshimiwa. Mkuu akahariri."

"Shika kalamu." Akasukutua tena. "Andika. Mwananchi ale mboga zake, matunda yake, kunde zake. Atembee. Akipenda chokoleti nyeusi, ale kipande kidogo baada ya chakula. Si dawa, na haichukui nafasi ya mboga. Asiyeipenda asilazimishwe na mtu yeyote. Mwenye sukari amsikilize daktari wake." Ulimi wake ukatafuta kitu nyuma ya magego. "Na kuanzia sasa, hakuna waraka wa chakula utakaotoka kabla mkubwa anayeutia saini hajakila chakula hicho yeye mwenyewe mwezi mzima, hadharani. Yule mzee fundi yuko wapi?"

"Anakula, mheshimiwa. Anakula mboga."

"Mteue. Mjumbe Mwakilishi wa Walaji. Kazi yake iwe kuuliza maswali."

Hivyo ndivyo Kitengo chetu kilivyoimarishwa. Mkurugenzi bado ni mkurugenzi. Mtu hawezi kufukuzwa kazi kwa kutafuna. Isipokuwa alikuwa na waraka mwingine tayari kwenye foleni, ameshautia saini na kuupeleka mbele kabla ya uzinduzi, unaowataka wananchi wale vitunguu saumu vibichi kila asubuhi kwa ajili ya presha. Kwa agizo jipya, anauanza yeye.

Jumatatu nilikuwa najiandaa kwenda kazini. Mama watoto alikuwa anawasuka mabinti. Simu ikaita. Alikuwa Mkurugenzi, sauti yake ya upole kiasi kwamba nilidhani ni mtu aliyekosea namba.

"Habari za asubuhi, ndugu yangu. Watoto hawajambo? Eeh, vizuri. Sikiliza. Nilitaka kujua tu... yule mzee wako. Si bado anapumzika? Leo hatakuja kwenye kamati, sivyo?"

Nikamjibu kwa lugha iliyonyooka ya kiofisi kwamba suala hilo limepokelewa, liko kwenye mchakato, na atajulishwa kwa wakati muafaka. Mbele yangu, mlangoni, baba alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na mfukoni mwa koti lake kinachungulia kitunguu saumu kizima, kikubwa, alichomchagulia Mkurugenzi huko sokoni.